Wa Mwisho Kuoga

Kamitani, 6 Oktoba 1967

Nobu wangu,

Nimefika salama, miguu tu imevimba. Nakuandikia nikiwa nimekaa sakafuni kwenu, juu ya mkeka, kwa sababu nyumba nzima haina kiti hata kimoja, na hilo hukulitaja. Ulitaja viatu vya mlangoni. Ulitaja sapatu za chooni zisizotoka chooni, na vijiti visivyosimamishwa kwenye wali. Habari za kiti ukazinyamazia!

Treni ya kutoka Osaka ilijaa. Bwana mmoja aliyekaa mbele yangu, suti safi, tai safi, alisimama akavua suruali mbele ya watu wote, akaikunja kwa mistari yake, akaitundika, akakaa na nguo ya ndani nyeupe akasoma gazeti. Hakuna aliyeshtuka ila mimi. Kituo chake kilipokaribia akaivaa tena, imenyooka kama imetoka kwa dobi, akaniinamia kwa adabu, akashuka zake.

Bibi mmoja pembeni yangu akawa ananimenyea machungwa madogo, moja baada ya jingine, bila kuniuliza kama nayataka. Akaniuliza nakwenda wapi. Nikasema, kwa Kijapani ulichonifundisha, Kamitani, kwa akina Iwase. Kufanya nini? Nikamwambia kweli, kwamba nakwenda kutazamwa na mama mkwe. Basi, behewa zima likageuka.

"Kula kila unachopewa," akasema mmoja.

"Asile sana, ataonekana mlafi."

"Usicheke ukaonyesha meno, binti."

"Mwacheni acheke, meno yenyewe mazuri!"

Wakabishana kunihusu mpaka niliposhuka, kisha wakanipungia mikono madirishani kama ndugu zangu. Nimewapenda, Nobu. Nilikuja nikidhani nitakuta watu wakimya.

Mkimya nimemkuta stesheni. Mama yako alinitazama viatu, akanitazama mikono, akaushika mkoba wangu mzito. Tukavutana, akashinda yeye. "Umechoka," akasema, na mpaka nyumbani hakuongeza neno. Baba yako ndiye aliyeongea njia nzima, habari za mpunga na mvua.

Nakukumbusha nilichokuambia uwanja wa ndege. Mama yako alisema, "Nimwone kwanza, ndipo nitajibu." Nami nikasema siolewi na mwana wa mama asiyenitaka. Dada yangu Oksana aliolewa hivyo, na nimeona anavyoishi. Akisema hapana, nitarudi peke yangu, na wewe utabaki huko Saskatoon na utafiti wako wa mbegu za ngano. Sisemi kwa hasira. Naogopa tu, na ni wewe peke yako ninayeweza kukwambia.

Wako,
Verna

*

Kamitani, 7 Oktoba

Nobu,

Leo nina habari njema. Nadhani mambo yanakwenda vizuri!

Jana nilifika nimechoka, nikajifuta tu nikalala. Leo saa za jioni mama yako ameniambia nitangulie kuoga. Mimi, wa kwanza kabla ya baba yako! Nilikataa, akanisukuma kwa vidole viwili mgongoni. Nikafanya kama ulivyonifundisha: nikakaa kwenye kigoda, nikajisugua kwa sabuni na kujimwagia maji mpaka nikatakata, ndipo nikaingia pipani. Maji yalinifika shingoni, moto unawaka chini. Jamani! Nilikaa humo nikawaza kwamba binadamu mwenye pipa kama hili hana sababu ya kugombana na mtu.

Unajua kwetu tulivyooga. Beseni moja la bati jikoni Jumamosi, watoto saba, kwa umri. Mimi wa saba. Maji yakinifikia yalikuwa ya kijivu, baridi, na nywele za kaka zangu juu yake. Niliapa nikiwa mdogo kwamba nikikua sitamwachia mtu uchafu wangu. Kwa hiyo nilipomaliza nikatoa kizibo, nikayaacha maji yote yaende, nikalisugua pipa mpaka likang'aa, nikatoka kuwaita.

Mama yako alisimama mlangoni akatazama pipa. Akasema, "Ah." Baba yako alipita mbio na koleo, akaenda nyuma ya nyumba akavuta makaa yote nje. Mzee yule ana nguvu ajabu! Kisha akasema kwa furaha kubwa kwamba leo tutakwenda wote kwenye bafu la umma karibu na stesheni, mgeni alione. Tukateremka kilima chote kwenye mvua, miavuli mitatu, taulo shingoni. Huko wanawake wa kijiji walinisugua mgongo. Wazazi wako wamenifanyia hivyo siku yangu ya pili tu.

Nalala nikitabasamu.

Verna

*

Kamitani, 8 Oktoba

Nobuteru,

Mvua haijakatika na matunda ya kaki yanaiva kabla ya wakati. Wewe sijui kama unavaa ile fulana ya sufi.

Mgeni wako amefika. Ni mrefu, anagonga kichwa kila mlango, anauomba mlango msamaha. Anakula vizuri. Hilo ni zuri.

Jana baba yako alichota maji na kuchanja kuni mchana kutwa, mgongo wake unavyojua. Mgeni akaoga wa kwanza kama inavyopasa. Halafu akayamwaga. Yote, mwanangu, moto ukiwaka chini. Chungu cha chuma cha babu yako, kile kilicho chini ya pipa, kilibaki nukta moja kipasuke. Baba yako alikimbia na koleo kama kijana, na leo hawezi kuinama. Nasi tukaenda kuoga stesheni kwenye mvua, nami nikalazimika kumwambia kila niliyemkuta kwamba tumetoka kutembea tu.

Unaniuliza kwa nini sikumwambia? Najua utauliza. Mgeni haambiwi. Alikuwa amelisugua pipa akaja anang'aa uso kama mtoto aliyefaulu mtihani. Ningesema nini?

Nilichojiuliza ni kingine. Mtu anayemwaga maji moto ambayo wenziwe hawajayagusa, ni mtu anayejifikiria yeye tu, au vipi? Bado sijajua. Sijakujibu.

Mama yako,
Kinue

*

Saskatoon, 16 Oktoba

Verna, Verna, Verna,

USITOE KIZIBO! Yale ni maji ya nyumba nzima. Kila mtu hujisugua nje ndipo aingie, kwa hiyo yanabaki safi, na wote huoga humo humo. Ulimwaga jioni ya watu wawili, na chungu kingepasuka. Ile safari ya stesheni haikuwa zawadi, mpenzi wangu.

Lawama ni zangu. Nilikufundisha viatu, vijiti na sapatu, kizibo nikakisahau, kwa sababu kwetu hakuna anayefundishwa habari za kizibo. Usilie. Baba atakuwa ameshacheka. Mama simjui, hata mimi mwanawe.

Nobu

*

Saskatoon, 16 Oktoba

Mama,

Nisamehe, kosa ni langu, sikumwonya. Verna hakufanya kwa kujifikiria. Kwao maji yaliyotumika ni ya aibu kumpa mwenzio, ndiyo maana akayamwaga. Aliwafanyia heshima. Nakuomba ukimwona anakosea umwambie. Yeye ukimwambia hakasiriki, usipomwambia ndipo anapotea.

Fulana naivaa.

Nobuteru

*

Kamitani, 19 Oktoba

Nobu,

Barua yako haijafika ila najua itasema nini, maana nimeshaambiwa. Yaeko, yule mama anayepita asubuhi akiuza tofu zake za soya, wiki iliyopita aliniuliza mbele ya mlango, "Dada, leo utayabakiza maji, au tubebe taulo?" Akacheka mpaka tofu zikatikisika kwenye ndoo. Nikamwomba anieleze. Akanieleza yote, na koleo la baba yako, na mgongo wake. Kijiji kizima kinajua tangu siku ile. Niliyekuwa sijui ni mimi tu.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwendea mama yako, nikapiga magoti nikainama mpaka paji likagusa mkeka. "Hakuna kitu," akasema. Nikamwambia kipo, tena kikubwa, na kwamba kuanzia leo maji nitachota mimi na kuni nitachanja mimi. Akanitazama mikono tena. "Moto unaujua?" Nikasema nimezaliwa kwenye theluji, moto ndio kitu cha kwanza nilichojua.

Basi huu ni mwendo wa wiki sasa. Naoga mimi kwanza, mgeni ni mgeni, kisha navaa nakwenda nyuma ya nyumba kuchochea wakati wao wanaoga. Na nimegundua jambo. Uso kwa uso mama yako ana maneno matatu. Ndani ya maji ana mia! Mimi niko nje na kuni, yeye yuko ndani ya pipa, ukuta wa mbao katikati, basi anaongea.

"Maji vipi, Mama?"

"Ongeza kidogo. Mama yako anajua uko huku?"

"Anajua. Alinipa soksi."

"Soksi ngapi?"

"Nyingi mno."

"Ana akili. Nobuteru alipokuwa mdogo alikuwa anaimba humu ndani. Sauti mbaya! Bado anaimba?"

"Bado, Mama."

"Pole."

Nilicheka mpaka moshi ukaniingia. Naye nikamsikia akicheka, sauti ndogo, kisha akajidai kukohoa. Akaniuliza nani alinifundisha kupanga kuni hivi, nikasema mama yangu, tulikuwa tukichemsha maji jikoni. Habari za beseni na wale saba sikumwambia. Niliona haya.

Bado hajasema lolote kuhusu sisi. Lakini nina matumaini.

Verna

*

Kamitani, 26 Oktoba

Nobuteru,

Barua yako imefika. Umejifunza kuniandikia maneno makali huko kwenye theluji. Haya.

Mpunga umeingia ghalani. Binti alifunga miganda na baba yako siku zote za mavuno, na miganda yake haifunguki. Moto anaujua, si utani; kuni anazipanga kwa unene, zile kavu kando. Jana Yaeko alimtania tena mbele ya watu, akamjibu, "Nimeacha, dada, siku hizi namwaga tofu." Yaeko akabeba ndoo yake akaenda zake. Yaeko! Nimeishi jirani naye miaka yote hii sijawahi kumnyamazisha.

Nimezungumza na baba yako. Yeye alishakubali tangu binti alipoisifu mboga yake ya figili. Mimi nimekawia kwa sababu ni mimi nitakayeishi naye jikoni mkirudi.

Mwanangu, namkubali. Kesho namtoa kwenye nafasi ya mgeni. Baba yako ataoga kwanza, kisha mimi, kisha yeye wa mwisho, kama mkwe wa nyumba hii. Sitamweleza. Mambo haya hayatangazwi, yanafanywa, na mwenye akili huona. Ana akili.

Mama yako,
Kinue

*

Kamitani, 27 Oktoba

Nobu,

Nitaandika kwa kifupi.

Leo jioni nilichukua taulo langu kama kawaida, mama yako akanizuia mlangoni. "Kuanzia leo wewe mwisho," akasema. Hakutabasamu. Akaingia baba yako, akaingia yeye. Kisha baba yako akaenda kwenye mkutano wa sherehe ya hekalu, mama yako akaenda jikoni, nami nikaingia peke yangu. Moto ulikuwa umeshazimika. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, na unywele mmoja mweupe unaelea juu.

Nilikaa humo nikawa na miaka sita tena. Nililia, nakuambia kweli, nimeziba mdomo na taulo.

Nimeelewa jibu lake. Sikutarajia angelitoa hivyo, ila afadhali amelitoa. Nimejaribu, Nobu. Nimechanja kuni mpaka viganja vimeota sugu. Simchukii. Ningependa nimchukie, ingekuwa rahisi.

Tumeanza kumenya kaki za kukausha, zimejaa ukumbi mzima, na siwezi kumwachia mwanamke wa umri wake kazi katikati. Zikiisha zote kutundikwa nitaondoka, kwa basi la asubuhi ya tarehe nane Novemba. Usinitumie barua ya kunibembeleza, haitaniwahi. Nakupenda. Lakini nilikuambia.

Verna

*

TELEGRAMU. Saskatoon, 5 Novemba. Kwa Iwase Kinue, Kamitani.

MAMA. VERNA KAONA KUOGA MWISHO NI KUFUKUZWA. ANAONDOKA. MWELEZE. SEMA KWA MDOMO. NOBUTERU

*

Kamitani, 7 Novemba

Nobuteru,

Kwanza, telegramu yako imesomwa na posta, na tarishi, na Yaeko aliyemkuta tarishi njiani, ndipo nikaisoma mimi. Mtu gani anamwambia mama yake "sema kwa mdomo" mbele ya kijiji kizima?

Pili, asante.

Nilikwenda chumbani kwake nikaukuta mkoba umefungwa. Yeye alikuwa ukumbini anatundika kaki za mwisho, macho mekundu. Siku zote hizo nilikuwa naona hajitumbukizi pipani, anajimwagia ndoo moja tu na kutoka, nikasema labda wazungu wakizoea baridi ndivyo walivyo. Mimi ndiye niliyesema ana akili ataona. Mwenye macho asiyeona nilikuwa mimi.

Kumkabili uso kwa uso sikuweza. Nilifungua mdomo mara mbili, nikaishia kusema habari za kaki. Kwa hiyo mimi na baba yako tulipokwisha kuoga nikamwambia, "Leo uingie majini. Uingie mpaka shingoni." Nikazunguka nyuma ya nyumba. Baba yako alikuwa hapo na koleo. Nikamwambia asogee, nikakaa kwenye moto mwenyewe.

"Maji vipi?" nikamuuliza.

Akashtuka. "Mama? Ni wewe? Yanafaa."

Nikaongeza gogo hata hivyo, nipate cha kufanya.

"Mkoba wako nimeuona," nikasema.

Nikasogeza kuni.

"Sikiliza. Nilipoletwa nyumba hii, mama mkwe wangu aliniogesha kwanza. Jana kwanza, leo kwanza, kesho kwanza. Nikawa nalia ndani ya hilo pipa ulilokaa wewe. Nikijua bado mimi mgeni, na mgeni hurudishwa kwao. Halafu jioni moja akaniambia, Kinue, kuanzia leo wewe mwisho. Nilifurahi mpaka nikavunja bakuli. Yule wa mwisho ndiye mwenye nyumba, binti. Ndiye anayetazama moto, ndiye anayefunga mlango. Nafasi hiyo ni yangu tangu siku ile. Mama mkwe alipokufa sikuihama, ingawa ningeweza. Na mimi nimekupa wewe, nawe umefunga mkoba."

Nikasikia maji yakitikisika, kisha yakatulia. Akaanza kuongea. Mwanangu, mbona hukuniambia habari za lile beseni? Ndugu sita mbele yake na maji ya kijivu! Aliniambia yote, sauti yake inakatika, na mimi nje nimeshika kuni sijui niziweke wapi. Ningejua, ningekata mkono wangu kabla ya kumwambia "wewe mwisho" kwa uso ule nilioufanya.

"Na siku ile ya kwanza maji yalikuwa baridi," akasema.

"Yalikuwa baridi kwa upumbavu wangu. Baba yako mkwe alikwenda hekaluni, nami nikasahau kukaa kwenye moto. Wa mwisho haachwi peke yake. Unajua nani amenichochea moto mimi miaka yote? Huyu hapa, amesimama gizani anajifanya anatazama mwezi. Mpaka ulipokuja wewe, hakukosa jioni hata moja akiwa nyumbani."

"Mwezi wenyewe haujatoka," akasema baba yako.

Basi binti akacheka, na kilio humo humo. Nami nilikuwa na moshi machoni.

Nikamwambia akitaka tutabadilishana, leo yeye mwisho, kesho mimi, sitaki mtu aoge nyumbani kwangu kwa huzuni. Akasema hapana. "Nafasi yangu niachie, Mama. Ila usisahau moto." Amenikatalia mara ya kwanza tangu afike. Nimependa alivyonikatalia.

Basi la asubuhi ya kesho litapita bila yeye. Mkoba tumeufungua pamoja. Soksi kweli ni nyingi mno. Baba yako ameutoa muhuri wa nyumba, wa kuandikishia ndoa yenu, kwenye kabati na kuuweka mezani, unakusubiri wewe tu. Njoo Desemba kama ulivyosema, na ukimuudhi mkwe wangu usije kwangu kulalamika.

Nakumalizia jinsi ilivyokwisha. Alipokuwa anatoka pipani aliita, "Mama, mimi ni wa mwisho. Sasa nifanye nini?"

Nikavuta makaa yote nje kwanza. Kisha nikamwambia, "Toa kizibo."

"Nitoe?"

"Toa."

"Kweli, Mama? Chote?"

"Verna, kizibo hakitoki nusu. Toa!"

Nikayasikia maji yakiteremka mferejini, yote, mpaka tone la mwisho. Baba yako alikuwa amesimama pale pale, koleo mkononi, na hakukimbia.

Mama yenu,
Kinue